Mkono wa Bawaba: Historia ya Jina Lisilotulia katika Karakana za Unguja

Maneno ya sheria, ya siasa na ya elimu hujadiliwa sana katika kurasa za jarida kama hili, kwa kuwa watafsiri na walimu ndio wanaoyatumia kila siku. Maneno ya fundi wa pikipiki hayana mtetezi barazani. Huzaliwa chini ya mwembe, hupokewa na mwanagenzi kutoka kwa fundi wake, kisha huingia katika fomu za serikali, hati za bima na vitabu vya mafunzo bila ya mtu kuuliza yametoka wapi wala yana maana gani hasa. Katika makala haya tunakusudia kueleza, kwa ufupi, historia ya maneno ya namna hiyo katika kisiwa cha Unguja, na kuishia kwenye sehemu moja ya pikipiki ambayo jina lake bado halijatulia: ule mkono wa chuma unaolishika gurudumu la nyuma na kuliunganisha na fremu, ambao mafundi huuita suingamu.

Huenda msomaji akaona kuwa jambo hili ni dogo mno. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mwenye pikipiki kuukuu hupanda na mkewe au mwanawe nyuma yake, na kwamba gurudumu la nyuma halishikwi na kitu kingine chochote ila mkono huo. Ukipinda, ukiliwa na kutu au ukipata ufa, usalama wa watu wawili unategemea maneno yatakayosemwa baina ya mwenye chombo na fundi, na baina ya fundi na kitabu anachokisoma.

I. Njia ya Mtoni

Tumechagua kuanzia Mtoni kwa sababu ya historia ya njia yake. Barabara itokayo Malindi, ukingoni mwa Mji Mkongwe, kuelekea kaskazini hupita Maruhubi, kisha Mtoni, kisha hufika Bububu. Ni mwendo wa kilomita kumi hivi, lakini karibu kila namna ya usafiri iliyojulikana Unguja imepita katika ukanda huo. Mtoni ndipo lilipo gofu la jumba la Seyyid Said, alimozaliwa binti yake Salme mwaka 1844; na katika enzi hiyo chombo kilikuwa jahazi, na fundi wake alikuwa seremala wa pwani. Mwaka 1905 ikafunguliwa reli kutoka mjini hadi Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold Cheney. Nayo ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1920. Kisha zikatawala motokaa, na baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja pikipiki ndogo zilizoweza kupenya katika vichochoro vya Mji Mkongwe ambamo motokaa haipiti.

Wako wasemao kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa gari la moshi. Maelezo hayo ni matamu, lakini hayawezi kuwa ya kweli. Salme, katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka Ujerumani mwaka 1886, anaitaja Bububu kwa jina hilo hilo, karibu miaka 20 kabla ya reli kujengwa. Tunalitaja jambo hili kwa makusudi, kwani mtafiti wa istilahi hana budi kutazama tarehe kabla ya kuliamini sikio. Lakini sikio nalo lisidharauliwe: pikipiki ni neno lililoundwa kwa kuiga mlio, na kadhalika tukutuku, ambalo ni jina jingine la chombo hicho hicho.

Gari la moshi nalo lina funzo lake. Waliolibuni jina hilo walichukua neno gari, lenye asili ya Kihindi, wakaliongezea kile walichokiona kwa macho yao, yaani moshi. Lilikuwa jina zuri kwa wakati wake. Lakini mnamo Juni 2024 treni ya umeme ilipoanza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro, lilikuja garimoshi lisilo na moshi. Wengi sasa husema treni. Kwa hiyo jina linaloegemea sura ya kitu hubaki nyuma sura hiyo ikibadilika. Tutalirudia jambo hili hapo mbele.

II. Maneno ya bahari yalivyopanda nchi kavu

Kabla ya injini kufika, pwani yetu ilikwisha kuwa na msamiati mpana wa ufundi, nao ulikuwa wa watu wa aina mbili: mhunzi na baharia. Mhunzi alikuwa na nyundo, fuawe, tindo na tupa. Baharia na seremala wa jahazi walikuwa na mkuku, mataruma, msumari, timazi na keekee. Vyombo vya moto vilipofika, baadhi ya maneno hayo yalipanda barabarani, na mengine yalibaki pwani. Ni jambo la maana kuuliza kwa nini.

Tuchukue mfano wa usukani. Asili ya neno hili ni Kiarabu, na kwa muda mrefu maana yake ilikuwa ule ubao wa nyuma ya chombo unaokielekeza majini. Mti aliokuwa akiushika mwenye kuongoza chombo uliitwa kana. Motokaa ilipokuja, kitu alichokishika dereva kilifanana zaidi na kana, kwa kuwa ndicho kilichokuwa mikononi mwake. Hata hivyo kana ilibaki pwani, na usukani ndio uliopanda barabarani, ukaingia katika gari, baiskeli na pikipiki. Sababu yake ni kwamba watu walitazama kazi, yaani kuelekeza chombo, wala hawakutazama umbo. Kwa njia hiyo hiyo rubani, aliyekuwa mwongozaji wa meli, sasa yumo ndani ya ndege. Nauli, iliyokuwa malipo ya safari ya chombo cha baharini, sasa hutozwa katika daladala. Na neno chombo lenyewe, ambalo kwa mtu wa pwani lina maana ya jahazi au ngalawa, limo katika istilahi inayotumiwa na serikali: vyombo vya moto.

III. Tabaka za wageni

Juu ya tabaka hiyo ya kwanza zikalala nyingine. Wareno walituachia parafujo, bomba na roda. Kutoka Bara Hindi tulipata gari, chapa na bima. Kiingereza kilileta kundi kubwa zaidi, kwa kuwa kilikuja pamoja na motokaa yenyewe: injini, breki, gia, klachi, plagi, spana, nati, bolti, bushi. Jahazi haikuwa na breki, kwa hiyo hapakuwa na neno la kuazima kutoka pwani.

Tabaka ya mwisho ni ya majina ya makampuni. Mwaka 1946 kampuni ya Piaggio ya Italia ilitoa pikipiki ndogo ya magurudumu madogo iliyosanifiwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege, ikaitwa Vespa, neno la Kiitaliano lenye maana ya nyigu. Katika Unguja jina hilo limekuwa nomino ya kawaida. Vespa huweza kuwa ya kampuni yoyote. Kadhalika wako waiitao pikipiki honda, hata kama haikutengenezwa na Honda. Gari ya magurudumu matatu imekuwa bajaji kwa jina la kampuni ya Bajaj ya India, na hapana anayelishangaa neno hilo tena.

Ajabu ni kwamba historia rasmi ya lugha yetu ilipita kando ya karakana hizi. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Kamati hiyo ilishughulika zaidi na tahajia na vitabu vya shule. Kamusi kubwa ya Frederick Johnson ilitoka mwaka 1939; Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967; Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikatoka mwaka 1981; na Baraza la Kiswahili Zanzibar likatoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010. Katika muda wote huo fundi wa Unguja, ambaye lahaja yake ndiyo iliyofanywa kuwa sanifu, aliendelea kujitafutia mwenyewe majina ya vyuma vyake.

IV. Kitu chenyewe

Pikipiki za mwanzo zilikuwa kama baiskeli zilizotiwa injini: gurudumu la nyuma lilikazwa moja kwa moja kwenye fremu, na kila shimo la barabara lilimfikia mpandaji mgongoni. Wako waliojaribu mapema kulipa gurudumu hilo nafasi ya kupanda na kushuka. Mwaka 1928 Philip Vincent wa Uingereza alianza kutengeneza pikipiki ambazo sehemu yake ya nyuma iliweza kujongea juu na chini dhidi ya springi. Lakini mtindo tunaoufahamu sasa ulipata sifa mwaka 1950, pale kampuni ya Norton ilipoitumia katika mashindano fremu iliyosanifiwa na Rex McCandless wa Belfast. Katika fremu hiyo mikono miwili ya bomba la chuma, iliyounganishwa mbele, ilizunguka juu ya bolti moja, na kila upande ulishikiliwa na shokapu. Katika miaka iliyofuata mtindo huo ulienea kwa watengenezaji wengi. Honda waliutumia katika Super Cub ya mwaka 1958, pikipiki ambayo hadi mwaka 2017 ilikwisha kutengenezwa zaidi ya milioni 100.

Vespa ilifuata njia yake. Gurudumu lake la nyuma limeshikwa upande mmoja tu, na kinachofanya kazi ya mkono ni ganda la injini lenyewe: injini, gia na gurudumu hupanda na kushuka kwa pamoja juu ya bolti moja. Jambo hili lina uzito kwa mtafuta istilahi wa Unguja, ambako vespa ni chombo cha siku nyingi. Jina litakalofaa kwa pikipiki ya mikono miwili lakini lisifae kwa vespa litakuwa na upungufu tangu siku ya kwanza.

V. Kazi ya matengenezo na maneno yake

Tuitazame sasa kazi yenyewe, kwa kuwa istilahi hupimwa kazini. Pikipiki kuukuu inayolala Mtoni, karibu na bahari, hupigwa na upepo wa chumvi mwaka mzima. Maji hujikusanya ndani ya bomba la mkono, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Grisi ya bushi hukauka, bushi huliwa, bolti hushikana na chuma kinachoizunguka. Ikiwa chombo hupakia mizigo, ufa huanza mara nyingi karibu na mahali mkono ulipochomelewa kipande cha kushikia shokapu.

Fundi mwangalifu huanza kwa kuliinua gurudumu la nyuma lisiguse chini. Huishika fremu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine hulisukuma gurudumu kulia na kushoto. Likisogea, huangalia ni bearingi za gurudumu zilizochakaa au ni bushi za mkono. Bolti ikikataa kutoka huinywesha mafuta, na huenda akailaza usiku kucha kabla ya kuigonga. Akishautoa mkono huusugua hadi chuma kionekane, kwani ufa hujificha chini ya rangi. Kisha hupima kama tundu la bolti ya mbele na nafasi za ekseli ya nyuma zingali sambamba. Wengine, baada ya kuunga, huhakikisha kwa kuvuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, kama afanyavyo mwashi. Magurudumu yasipokuwa katika mstari mmoja, chombo huvuta upande, na mnyororo na meno yake huliwa upesi.

Ufa mdogo katika chuma kizima huweza kuchomelewa, ikiwa fundi ametoboa kitundu kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, ameuchimba kwa tupa au mashine hadi chini, na ameufunga mkono usipinde kwa joto. Lakini bomba lililokuwa jembamba kwa kutu halichomelewi, hubadilishwa. Hapo ndipo tunapoona kwamba maneno matatu yana hatari ndani yake.

(i) Kulehemu na kuchomelea. Lehemu ni neno la kale la Kiarabu, nalo katika mikono ya sonara na fundi wa bati lina maana ya kuunganisha vipande kwa madini mengine yanayoyeyuka upesi, vipande vyenyewe visiyeyuke. Kuchomelea ni kuviyeyusha vipande vyenyewe mahali vinapokutana. Ni kweli kwamba fremu nyingi za baiskeli na pikipiki za zamani zililehemiwa kwa shaba ya manjano, lakini viungo vyake vilitengenezwa kwa ajili hiyo. Mtafsiri anayeandika kulehemu kila mahali humwachia mwanagenzi nafasi ya kuuziba ufa kwa lehemu ya bati, na kiungo hicho hakiwezi kubeba watu wawili.

(ii) Kucheza. Fundi husema nyuma inacheza, naye mwenye chombo huelewa kwamba shokapu zimekufa, akanunua mpya. Fedha hutumika, na bushi mbovu hubaki pale pale. Kuna kucheza kwa juu na chini, ambako ni kazi ya mkono huo, na kuna kucheza kwa pembeni, ambako ni ugonjwa wake. Hati ya ukaguzi haina budi kusema ni kucheza kupi.

(iii) Kubembea. Mtafsiri akilifuata jina la Kiingereza neno kwa neno, ataandika mkono unaobembea. Bembea ya watoto hufungwa kwa kamba, huenda huku na huku, tena huyumba. Mwanagenzi akilisoma jina hilo, hatakuwa na sababu ya kuogopa mkono uliolegea; jina lenyewe limekwisha kumwambia kwamba ni wa kubembea.

VI. Majina yanayoshindana

Tumeyapima majina manne kwa vigezo vitatu: usahihi wa maana, wepesi wa kutumika, na kukubalika kwa watumiaji.

Suingamu limekubalika kwa mafundi, wala si vyema kulifuta. Upungufu wake ni kwamba halimwelezi kitu asiyelijua; mwalimu hulazimika kulifafanua kila mara, na karani huliandika kwa tahajia tofauti kila siku.

Uma wa nyuma lina mantiki, kwa kuwa sehemu inayolishika gurudumu la mbele nayo ni uma. Lakini wingi wa uma ni nyuma, na mhifadhi wa bohari atalazimika kuagiza nyuma za nyuma. Juu ya hayo vespa haina uma, ina upande mmoja tu.

Panda ya nyuma ni Kiswahili safi. Panda ni tawi lililogawanyika mara mbili, na ndiyo tunayoikuta katika njia panda. Hata hivyo panda nyuma ni maneno anayoambiwa abiria kila siku, na sikio halitayatenganisha. Tena jina hili linaegemea sura, na kwa vespa sura hiyo haipo. Lina kasoro ile ile ya gari la moshi.

Mkono wa nyuma linafaa kwa pikipiki na kwa vespa pia, lakini ni pana mno. Msomaji aweza kudhani kuwa ni kishikio cha abiria, au hata mkono wa breki.

VII. Pendekezo

Kwa kufuata funzo la usukani, tunapendekeza jina linaloegemea kazi: mkono wa bawaba. Bawaba humshikilia mlango upande mmoja na kumwachia njia moja tu ya kwenda. Kila mwenye nyumba anajua kwamba bawaba ikilegea mlango huburura, na kwamba bawaba isiyotiwa mafuta hushikana. Mwanagenzi akilisoma jina hili ataelewa kwamba mkono huu una njia moja, juu na chini. Kwamba haupaswi kusogea pembeni. Na kwamba unataka grisi. Jina linafaa kwa mikono miwili ya bomba na kwa ganda la injini la vespa. Pamoja nalo tunapendekeza yafuatayo:

mkono wa bawaba (wingi: mikono ya bawaba): kiungo kinachounganisha gurudumu la nyuma na fremu na kuliwezesha kupanda na kushuka; katika karakana pia suingamu;

bolti ya bawaba: bolti ambayo mkono wa bawaba huzunguka juu yake;

bushi: kikombe cha shaba, plastiki au mpira baina ya bolti ya bawaba na mkono;

kucheza kwa pembeni: kusogea kwa gurudumu kulia au kushoto kunakoonyesha kuchakaa kwa bushi au bearingi;

kuchomelea: kuunganisha vipande vya chuma kwa kuviyeyusha vyenyewe;

kulehemu: kuunganisha vipande kwa madini mengine yaliyoyeyushwa, vipande vyenyewe visiyeyuke.

Hatutaki kumlazimisha fundi wa Mtoni aache neno lake. Usukani, rubani na nauli yalipata maana zao mpya barabarani na angani kwa kutumiwa, wala hapana kamati iliyoyapeleka huko. Lakini hati za ukaguzi wa vyombo, zabuni za vipuri na vitabu vya vyuo vya ufundi huandikwa na watumishi wa serikali na watafsiri, na wao hawawezi kungoja hadi matumizi yakate shauri. Kwa hiyo tunawaomba walimu wa ufundi wa Unguja na Pemba walijaribu jina hili darasani na karakanani kwa pamoja, na watuarifu mahali linapokwama. Kwa sasa mtafsiri anayekutana na kiungo hiki aandike mkono wa bawaba, kisha suingamu katika mabano mara ya kwanza, na aeleze kwa sentensi moja kazi yake, ili fundi na msomaji wajue kuwa wanazungumzia chuma kimoja.